Windows 10 imeachwa: kabla hujaiuza laptopu yako kwa bei ya kutupa, pita hapa kwanza

Fundi Bisibisi (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hapa mezani kwangu swali ni moja tu: "Fundi, ndiyo imekwisha hii?" Kuna wanaokuja wameshaambiwa na muuzaji kwamba laptopu yao sasa ni chuma chakavu, waongeze hela wachukue nyingine. Kuna wanaokuja wanacheka, eti ni janja ya Wamarekani kuuza mashine mpya, mbona inawaka kama kawaida. Wote siwaungi mkono, na nimechoka kurudia maneno yale yale kwa kila mmoja, ndiyo maana nayamwaga hapa.

Windows 10 haijazimwa na haitazimwa. Kilichokoma ni viraka. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa marekebisho ya matundu ya usalama yaliyogunduliwa, na Windows 10 sasa haimo kwenye mgao huo wa kawaida. Matundu yenyewe hayajakoma kugunduliwa. Windows 11 na 10 zina sehemu nyingi za ndani zinazofanana, kwa hiyo kiraka cha 11 kikitoka, wahalifu wanakichambua kuona kilikuwa kinaziba nini, kisha wanaenda kulijaribu tundu hilo kwenye 10. Ndiyo maana wiki ya kwanza huoni kitu, na hatari inakua mwezi baada ya mwezi.

Anayeona hizi ni ngano aikumbuke WannaCry. Kiraka chake kilitoka Machi 2017, kirusi kikalipuka tarehe 12 Mei mwaka ule ule. Waliochelewa walikuta mafaili yamefungwa na skrini inadai Bitcoin, hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi na upasuaji. Wala haikuhitaji mtu abonyeze kitu, kilikuwa kinaruka chenyewe kutoka mashine hadi mashine ndani ya mtandao. Hali ilichafuka hadi Microsoft wakatoa kiraka cha Windows XP, ambayo walikuwa wameshaiacha tangu Aprili 2014.

Kwa hiyo mtu akiniletea mashine siulizi ina miaka mingapi. Nauliza: nywila za nani zinapita humu? Mashine ya kuchapa barua isiyojua intaneti inaweza kuendelea na Windows 10 miaka mingine na nisione shida. Mashine inayofungua benki, barua pepe au akaunti za wateja haipaswi kukaa bila viraka, hata ikiwa i7 yenye RAM ya 32GB.

Sasa kazi. Shika kitufe cha Windows na R, andika winver. Isiposoma 22H2, pandisha kwanza hadi hapo. Kisha ingia Settings, System, About, usome jina la prosesa. Tarakimu zinazofuata kistari ndizo kizazi: i5-6300U ni cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka cha 8 kwenda mbele, ukiacha prosesa chache sana za cha 7, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ukaguzi wa usalama mashine inapowaka) na RAM isiyopungua 4GB.

Stika ya pale pembeni ya kibodi usiiamini, zinauzwa. Na jina la modeli nalo lisikudanganye. EliteBook 840 G5 inayonadiwa kila duka kuwa "eighth gen" ilitoka kiwandani na prosesa za kizazi cha 7 pia, na ThinkPad T480 hivyo hivyo. Ukiwa dukani washa mashine, soma kwenye skrini, ndipo utoe hela.

Kama una kizazi cha 8 na bado unaambiwa mashine haifai, usikate tamaa. Mara nyingi TPM imezimwa tu kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Andika tpm.msc uone. Au fundi aliyekupigia Windows alichagua Legacy (njia ya zamani ya kuwasha mashine) badala ya UEFI (njia mpya), kwa hiyo Secure Boot haiwezi kuwaka. Kuna programu ndani ya Windows yenyewe, MBR2GPT, inabadilisha mpangilio wa diski bila kufuta mafaili. Ila hamisha mafaili yako kwanza, sitaki lawama.

Kama uko chini ya kizazi cha 8, njia ya kwanza ni kununua muda. Microsoft wana mpango unaitwa ESU, unaendelea kukupa viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa mtu binafsi unaingia kwa dola 30, au kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bure ukikubali mipangilio ya mashine yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Akaunti moja inabeba mashine 10. Ingia Windows Update, tafuta Enroll now. Ukichagua njia ya bure, wanachotaka ni mipangilio tu, siyo picha za harusi. Zima kuhifadhi Desktop na Documents kwenye OneDrive la sivyo bando litaondoka hujui limeenda wapi, na nafasi yao ya bure ni 5GB tu.

Njia ya pili ni kuhama Windows. Hiyo tutaizungumza, najua wajuzi wa Linux (mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows) wako njiani.

Karibuni.

Mama Steshenari

Fundi ubarikiwe, umenigusa mimi kabisa. Nina steshenari jirani na chuo, mashine za mezani tatu, zote Windows 10. Wanafunzi wanajaza Selform, wanaomba mkopo wa bodi kule OLAMS, vijana wanahangaika na Ajira Portal, humo humo wanafungua Gmail kutafuta namba za uthibitisho. Wakiondoka nusu yao hawajatoka kwenye akaunti.

Nimejaribu hiyo Enroll now. Mashine moja imeonekana, ya pili haipo kabisa. Ya tatu ina vituko vyake, kila tovuti inaniandikia muunganisho si salama, hata Google. Nikaambiwa ndiyo hiyo Windows kuisha muda. Ni kweli?

Halafu kadi za michango na za harusi nadizainia Publisher. Hapo kwenye kuhama Windows naomba unionee huruma.

Fundi Bisibisi (mleta uzi)

Dada yangu, nianze na ya tatu maana ni nyepesi. Tazama saa na tarehe pale chini kulia. Naamini inasoma mwaka wa zamani, na umeme ukikatika inarudi hapo hapo hata uisahihishe. Tovuti salama zina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, mashine inayodhani tuko 2015 inaona vyeti vyote bado havijaanza kazi. Hiyo ni betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, CR2032, fundi saa yeyote anayo. Chomoa waya wa umeme, itoe, weka mpya, sahihisha tarehe. Haihusiani na Microsoft hata kidogo.

Ya pili, fungua About usome Edition. Nakuhakikishia imeandikwa Enterprise. Mafundi wetu wengi wakipiga Windows ya kuchakachua wanaweka Enterprise kwa sababu ni rahisi kuiamsha kwa programu zao, na ESU ya watu binafsi haiikubali Enterprise. Inakubali Home na Pro.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mashine nyingi za ofisini zilizotoka kiwandani na Windows 10 zina ufunguo halali wa Windows umechomwa ndani ya BIOS. Umelipiwa na mnunuzi wa kwanza huko Ulaya au Dubai, na bado upo. Fungua Command Prompt, andika:

wmic path softwarelicensingservice get OA3xOriginalProductKey

Ukiona herufi na tarakimu 25 zimetokea, una leseni na hukuwa unajua. Hamisha mafaili, tengeneza flashi kwa Media Creation Tool ya Microsoft wenyewe, piga Windows 10 upya, itajichagulia toleo lake na kujiamsha ikipata intaneti. Baada ya hapo Enroll now itaonekana. Na ile programu ya kuamshia Windows unakuwa umeachana nayo, maana hizo zenyewe nyingi hubeba virusi na sharti lake la kwanza ni uzime antivairasi. Pasipotokea kitu, huenda mashine yako ilikuja na Windows 7 ya stika, na stika hizo Microsoft waliacha kuzipokea 2023.

Sasa mpango wa duka. Usizitende mashine tatu sawasawa.

Ile ya wateja wa mtandaoni, hiyo ndiyo weka Linux Mint (aina mojawapo ya Linux), tena leo. Usihofu, mteja wa Ajira Portal anahitaji Chrome au Firefox tu, na zote zipo. Ukishaweka, ingia Login Window kwenye mipangilio, ruhusu kikao cha mgeni. Mteja anaingia kama mgeni, anafanya mambo yake, akitoka kila kitu kinafutika: nywila, historia, vyeti vya kidato cha nne alivyopakua. Anayefuata hakuti chochote. Waambie tu wahifadhi kwenye flashi au wajitumie barua pepe kabla hawajatoka, maana baada ya hapo hata mimi siwezi kuvirudisha.

Ya Publisher ibakishe Windows 10 na uchomoe waya wa intaneti. Isiguse mtandao. Adui atakayebaki ni flashi za wateja, vile virusi vya kugeuza mafolda kuwa shotikati unavijua. Kwa hiyo flashi yoyote ianzie mashine ya Linux. Kule shotikati za Windows haziwaki, unaona kila kilichofichwa, unachukua PDF au Word unayoitaka. Kama ni kuchapa tu, chapa pale pale.

Ya kati ndiyo iwe na Pro safi na ESU, utumie wewe mwenyewe: hesabu, barua pepe ya duka, mambo ya kodi.

Mkorosho Mkavu

Mnatishana bure. Mimi niko Windows 7 mpaka kesho, sijawahi kupatwa na kitu. Na hiyo 10, Defender bado inapata apdeti, nimesoma itapata hadi 2028. Sasa hofu ya nini?

Fundi Bisibisi (mleta uzi)

Mkuu, kuhusu Defender uko sahihi, Microsoft wamesema itapokea taarifa za virusi vipya kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Ila Defender ni mlinzi wa getini mwenye picha za wezi. Kiraka ndicho ukuta. Mlinzi mwenye picha mpya kila asubuhi hamsaidii mwenye nyumba kama ukuta wa nyuma umeanguka, kuna wanaoingia bila kupita getini.

Kuhusu 7: Chrome yako imegota toleo la 109 tangu mwanzoni mwa 2023. Umejuaje hujapatwa? Mwizi wa nywila haachi barua mezani.

Mkorosho Mkavu

Nimekuelewa kwenye ukuta. Kwenye 7 sihami.

Saiba ya Mvita

Hamjambo wadau, niko Mombasa. Nina saiba ndogo na nimehama Mint zamani kidogo, kwa hivyo wacha niongeze yale ambayo watu wa Linux huwa hawasemi mpaka ushafuta Windows.

Kwanza jaribu kabla ya kufuta. Unaandika Mint kwenye flashi kwa programu ya Rufus, unawasha mashine kutoka kwa flashi, Mint inafunguka bila kugusa diski. Hapo ndipo mahali pa kukagua: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Mwangaza wa skrini unapanda na kushuka? Ukifunga kifuniko na kukifungua, inaamka? Laptopu zenye kadi ya Wi-Fi ya Broadcom hizo ndizo sumbufu, yahitaji uunganishe waya au simu kwanza ili upakue draiva. Zenye Intel hushika papo hapo.

Pili, printa. Hizi Epson za matangi nimeziunganisha bila maneno. HP LaserJet P1102, ambayo imejaa kila mahali, inaonekana mara moja lakini haitoi karatasi. Inataka plagini ya HP ishushwe kwanza. Fungua terminal, andika hp-plugin, kubali masharti, basi. Watu huzunguka siku nzima wakidhani printa imekufa.

Tatu, fonti. Mteja analeta CV ya ukurasa mmoja, ukiifungua LibreOffice inamwagika ukurasa wa pili na mistari mitatu, anakutazama kama umemharibia. Calibri na Times New Roman hazina tabu sana kwa sababu zina mbadala wenye upana ule ule wa herufi. Shida ni Tahoma, Century Gothic, Bookman. Weka kifurushi cha ttf-mscorefonts-installer, kitakupa Arial, Times, Georgia, Verdana na wenzao, lakini hizo tatu nilizotaja hazimo. Mimi nimeweka kibandiko ukutani: LETA PDF. Imepunguza kelele nusu.

Nne, na hii ndiyo iliyonifanya nibakishe mashine moja ya Windows: KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Ritani za iTax, tovuti yao, zinajazwa kwenye jedwali la Excel lenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya jedwali), unajaza, unabonyeza Validate, linakutolea zipu ya kupakia. Kwa LibreOffice makro za Excel mara zafanya, mara zagoma, na mteja wa tarehe 30 Juni, siku ya mwisho, hana subira hiyo. Mashine hiyo nimeitia ESU na haifanyi jambo lingine.

Fundi Bisibisi (mleta uzi)

Ahsante sana ndugu wa Mvita, hiyo ya P1102 ingenipunguzia safari nyingi. Wakuu, hapo ndipo penye ukweli wote: kabla hujahama orodhesha programu zako zote, kisha jiulize ipi haina mbadala. Kama ni brauza, Word ya kawaida, muziki na filamu, huna kinachokuzuia. Kama kuna programu ya mashine ya risiti, ya uhasibu, au ya kifaa chochote kinachokuja na CD yake, muulize muuzaji kwanza. Akisema ni Windows tu, kubali.

Kijana wa Hosteli

Mbona hamsemi shotikati? Mimi nina i5 ya kizazi cha 6, nilitumia Rufus ikatoa masharti ya TPM, nikapiga Windows 11 tangu nikiwa mwaka wa kwanza. Inapaa tu. Wazee mnapenda mateso.

Fundi Bisibisi (mleta uzi)

Kijana, fungua winver utuletee kilichoandikwa.

Kijana wa Hosteli

Version 23H2.

Fundi Bisibisi (mleta uzi)

Nilijua. Windows 11 toleo la 23H2, kwa Home na Pro, liliachwa tarehe 11 Novemba 2025. Kwa hiyo una Windows 11 ambayo viraka vyake vimekoma kama vya 10, tena 10 angalau ina ESU.

Hiyo ndiyo kasoro ya mlango wa nyuma. Viraka vya kila mwezi kwa kawaida vinakuja, lakini toleo jipya la mwaka halijileti kwenye mashine isiyotambulika. Lazima wewe mwenyewe upakue faili la ISO (nakala nzima ya Windows) na kurudia mchezo wa Rufus kila toleo linapofika mwisho. Microsoft nao wameshasema mashine hizo hawaziwekei dhamana ya apdeti yoyote. Sikukatazi. Kizazi cha 6 au 7 chenye SSD na RAM 8GB kinaibeba 11 vizuri tu. Lakini fahamu umejiajiri kazi ya kila mwaka. Na usimwekee bibi yako huko kijijini ukaondoka.

Wenye Core 2 Duo hata msijaribu. Kuanzia 24H2 Windows 11 inadai amri za prosesa ambazo mashine hizo hazina, haiwaki kabisa na Rufus haisaidii.

Kijana wa Hosteli

Duh. Napakua ISO usiku huu bando la usiku likianza. Na ile LTSC wanayosema ina viraka hadi 2032?

Fundi Bisibisi (mleta uzi)

Ipo, inaitwa IoT Enterprise LTSC 2021, na ni kweli hadi Januari 2032. Imetengenezwa kwa mashine za ATM, vifaa vya hospitali na vitu vya namna hiyo, leseni inauzwa kwa watengenezaji wa vifaa. Unayopewa mtaani kwa elfu kumi ni ile ile habari ya kuchakachua niliyomwambia dada wa steshenari.

Mbongo wa Baridi

Salaam kutoka Ujerumani. Nyongeza ndogo kwa walio huku: ndani ya Eneo la Uchumi la Ulaya ESU hiyo ya hadi Oktoba 2026 ni bure bila kulazimishwa kuhifadhi mipangilio OneDrive, baada ya vyama vya watumiaji kuwabana Microsoft. Lakini bado unatakiwa kuwa na akaunti yao, na uingie angalau mara moja kila siku 60, la sivyo inakatika.

Na ombi: kama unatuma laptopu nyumbani kwa wadogo zako, usiwatumie ya kizazi cha 4 na maneno ya "bado nzima". Naona makontena yanavyojazwa huku sasa hivi. Kampuni zinatoa maelfu ya mashine ambazo haziingii Windows 11, bei imeporomoka, na zinakoenda wote tunajua.

Fundi Bisibisi (mleta uzi)

Hapo umenena. Zimeshaanza kuonekana, na bei ya huku haijaporomoka kama ya huko. Anayenunua sasa mashine ya kizazi cha 6 au 7, bei iakisi hivyo. Ni mashine nzuri za Linux. Kama Windows 10 yenye viraka, muda wake uliobaki ni mfupi.

Shamba Boi

Wakuu, ninyi mnazungumzia usalama, yangu tatizo ni kwamba ukiiwasha unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi bado inazunguka. Dell Latitude E6420, RAM 4GB. Hiyo Linux itaifanya iwe nyepesi?

Fundi Bisibisi (mleta uzi)

Kidogo. Dawa yako ni diski. E6420 nyingi bado zina diski ile ya kuzunguka. Kabla ya lolote weka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ikikuonyesha Caution ya njano au Bad nyekundu toa mafaili yako leo, usingoje wikiendi. Kisha nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, hata ya 240GB inatosha. Kwenye E6420 kufungua ni bisibisi ya kawaida, diski inachomolewa ubavuni. Ongeza RAM ifike 8GB, ni DDR3, za mtumba zipo nyingi. Baada ya hapo utaisahau chai.

Angalizo kwenye SSD na flashi za bei ya ajabu. Kuna zinazojitangaza 1TB ndani ziko 32GB: unaandika, zinakubali, kumbe mafaili ya mwanzo yanafutwa kimya kimya. Programu inayoitwa H2testw inaijaza diski nzima kisha inaisoma tena, ikikuta uongo inasema. Inachukua muda mrefu. Mwambie muuzaji unaijaribu kwanza, ukiona amenuna rudisha hela yako mfukoni.

Saiba ya Mvita

Naunga mkono. Na wakati umefungua, toa vumbi kwenye feni na ubadilishe ile dawa ya joto juu ya prosesa kama imekauka. Mashine nyingi zinazoitwa nzee zinajipunguza mwendo zenyewe kwa sababu ya joto.

Binti Mjasiriamali

Samahanini, yangu ni ka-laptopu kadogo ka zamani, RAM 2GB, Atom. Nakataka kwa ajili ya WhatsApp Web na kuandika oda. Nimeambiwa niweke ChromeOS Flex, mfumo wa Google.

Fundi Bisibisi (mleta uzi)

Flex inataka RAM 4GB na prosesa ya biti 64, kwa hiyo hako kamekosa sharti la kwanza na huenda hata la pili. Kwa mwenye mashine ya 4GB anayeishi ndani ya brauza tu, Flex ni nzuri sana, ila ajue haina Play Store.

Kako, kama prosesa ni ya biti 32, Mint ya kawaida na Ubuntu hazina tena toleo la namna hiyo, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 imeacha kutoa kisakinishi chake. Iliyobaki hai ni Debian 12, itakayopata viraka vya usalama hadi Juni 2028, au antiX ambayo imetengenezwa kwa wanyonge kama hako. Oda utaandika vizuri. WhatsApp Web nakuambia kabisa itakutesa, 2GB brauza ya leo inaimaliza ikiwa peke yake. Tumia simu kwa WhatsApp, hako kabaki na jedwali la oda.

Mama Steshenari

Nimerudi na majibu. Betri ilikuwa yenyewe, tovuti zimefunguka zote. Ile ya Enterprise imetoa herufi 25, nimepiga picha. Mint nimeijaribu kwenye flashi, Wi-Fi imeshika, printa imeonekana. Kikao cha mgeni nimekiona ila hakijawashwa.

Sasa Publisher, nikiichomoa intaneti inaweza kuishi mpaka lini?

Fundi Bisibisi (mleta uzi)

Inategemea umeinunuaje. Kama ni ile inayokuja na Microsoft 365 ya kulipia, Oktoba 2026 wanaiondoa kabisa, na mafaili ya .pub hutayafungua tena humo. Kama ni Office 2016 au 2019 ya kuweka mara moja itaendelea kufunguka, ingawa nazo ziliachwa siku ile ile ya Windows 10. Ndiyo maana nimekuambia uichomoe waya.

Kwa usalama, kadi zote unazozirudia kila msimu wa harusi zitoe PDF sasa. Na jaribu kufungua chache kwa LibreOffice Draw, inasoma .pub, ila maua na maandishi ya kupinda huwa yanahama mahali, kwa hiyo kadi mpya anza kuzijenga humo humo Draw kidogo kidogo. Ile picha ya herufi 25 usiiweke hapa jukwaani, kuna watakaoishukuru kuliko wewe. Kikao cha mgeni kiko Login Window, kichupo cha Users, washa Allow guest sessions, kisha toka uingie upya uone kama jina la mgeni limejitokeza.